Kasha la ujamaa: maswali kuhusu kufuga tarantula wengi pamoja

Mimi ni mtu wa Muheza ninayeishi Ujerumani, na sebuleni kwangu kuna kasha la kioo lenye tarantula kati ya ishirini na thelathini. Idadi kamili siijui, na huko mbele utaelewa kwa nini. Wageni wakishatulia huuliza maswali yaleyale. Ndugu wa nyumbani wana yao, na vijana wanaotaka kuanza kufuga wana yao pia. Nimeyaweka hapa ili nisijibu kila siku.

Tarantula ni buibui tu, au ni mdudu mwingine?

Ni buibui, ila wa ukoo wake mwenyewe, Theraphosidae, wenye spishi zaidi ya 1,000. Mwili mzito, manyoya, na meno yanayoshuka kwa pamoja kama sururu badala ya kubana kwa ubavu kama koleo. Jina limetokana na mji wa Taranto, kusini mwa Italia, na kichekesho ni kwamba buibui wa kwanza kuitwa hivyo si wa ukoo huu kabisa. Sisi tunasema "buibui" yakaisha. Lakini ukimwambia shangazi yangu wa Tanga kwamba umenunua buibui, atakuuliza umelishona kwa fundi gani.

Ukiwaweka pamoja si watakulana?

Wengi wao, ndiyo, na haichukui muda. Tarantula wa kawaida huishi peke yake, shimo moja mtu mmoja, na chochote kinachotikisa mlango wake na kulingana na kinywa chake ni chakula. Dunia ina zaidi ya spishi 50,000 za buibui zinazojulikana, na zile zinazoishi kijamaa kwelikweli, zinazolea watoto pamoja na kuwinda pamoja maisha yote, ni chache kabisa, kama ishirini na kitu hivi. Afrika tunao wa jenasi ya Stegodyphus, wanaofuma kiota kimoja kikubwa kwenye miti ya miiba na kukaa humo kwa mamia. Hao si tarantula.

Kwa tarantula tunachokitumia ni kitu kidogo kuliko ujamaa, yaani uvumilivu. Spishi chache huvumilia ndugu zao kwa muda mrefu, nyingine kwa miezi michache ya utotoni tu, na nyingine hazivumilii hata kidogo. Makosa karibu yote ninayoyaona yanatokana na kuchanganya makundi haya matatu.

Basi nianze na spishi gani?

Monocentropus balfouri. Kama hutaki huyo, fikiria upya kama unataka kweli kasha la pamoja.

Huyu ni wa Socotra, kisiwa cha Yemen kilichoko baharini mashariki ya Pembe ya Afrika. Mabaharia wa majahazi walikijua vizuri, na mpaka leo upepo wa kusi ukianza kuvuma sawasawa, kukifikia kwa chombo kidogo ni kazi. Ni kisiwa cha viumbe ambavyo havipatikani kwingine, kikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mwingereza Pocock alimwelezea buibui huyu mwaka 1897, na jina la balfouri ni la Isaac Bayley Balfour, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti aliyefika Socotra mwaka 1880. Miguu yake ni ya buluu inayong'aa kijivu, mgongo na tumbo vina rangi ya krimu. Jike mkubwa akinyoosha miguu hufika sentimita 12 na zaidi.

Uzuri wake hauko kwenye rangi. Watoto wake hubaki na mama, na mama hawagusi. Wafugaji wengi, mimi mmojawapo, tumeshuhudia mama akikamata mende na watoto wakamzunguka wakala naye mende yuleyule. Watoto wakikua hawatawanyiki. Huchimba njia zao pembeni ya za mama, wakafuma utando juu yake, baada ya mwaka kasha zima likawa kama mtaa wa uswahilini usio na ramani: vichochoro, milango ya nyuma, na kila mtu anapita kwa jirani. Majike wazima hugongana mlangoni, wakagusana kwa miguu ya mbele, kisha mmoja akarudi nyuma. Sijaona spishi nyingine ya tarantula inayofanya hivyo kwa miaka mfululizo.

Na yule mdogo wa kwetu Tanzania?

Unamaanisha Heterothele villosella. Ni wa Afrika Mashariki, mdogo, upana wa miguu kama sentimita 6 au 7, rangi ya kahawia yenye madoa meusi tumboni. Kwenye soko la Hamm, mji wa hapa Ujerumani ambako wafugaji wa reptilia na buibui hukutana, nilimkuta kwenye kikopo cha plastiki ameandikwa "Tanzania", nikacheka peke yangu. Nimesafiri kilomita zote hizi kuja kumnunua jirani!

Anavumiliana na wenzake vizuri, hufuma utando kila mahali, na kundi lake halihitaji nafasi kubwa. Tatizo lake ni udogo na kasi. Watoto wake hupenya tundu ambalo uliapa haliwezi kupenyeka. Kama mkono wako bado mzito, anza na balfouri.

Vipi yule wa rangi ya chungwa wa Usambara? Kaka yangu anao wawili, anataka kuwaunganisha.

Fahali wawili hawakai zizi moja. Mwambie kaka yako asithubutu.

Huyo ni Pterinochilus murinus. Anapatikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki na kusini mwa Afrika, lakini biashara imembandika jina la milima yetu. Nimekulia chini ya Usambara na nakiri nilivimba kichwa kidogo nilipoona wazungu wanalitamka kwa heshima. Ni mzuri, hafi ovyo, na ana hasira za mtu aliyeamshwa saa nane za usiku. Akiguswa husimama kwa miguu ya nyuma na kuonyesha meno, na haonyeshi kwa mzaha. Wako watu wamekuza watoto wake pamoja kwa miezi kadhaa, kisha wakabaki na mmoja mnene.

Nimesikia wa India wanakaa pamoja.

Hao ni jenasi ya Poecilotheria, wa India na Sri Lanka, wakaao kwenye mashimo ya miti. Porini watoto wa umri tofauti wameonekana katika tundu moja na mama yao, kwa hiyo wazo si la kijinga. Wapo wafugaji wanaokuza ndugu wa tumbo moja pamoja wakafanikiwa. Lakini ukuaji wao hauendi sawa. Mmoja anatangulia, anakuwa mara mbili ya wenzake, na siku atakayokosa mende hatatoka nje kutafuta.

Kuna mambo mawili zaidi. Sumu yao ni kali kupita ya tarantula wengi, na waliong'atwa husimulia maumivu na kukakamaa kwa misuli kunakoweza kurudi siku kadhaa baadaye. Pili, jenasi nzima iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2019, kwa hiyo kumvusha mpaka kunataka karatasi. Yule wa buluu, P. metallica, yuko hatarini kabisa kutoweka porini kwa sababu misitu yake inakatwa. Kumweka kwenye jaribio la "tuone kama watakulana" mimi naliona jambo la aibu.

Hysterocrates gigas wa Kameruni watoto hukaa na mama miezi kadhaa, kisha undugu unaisha. Tarantula wa Amerika, wale wapole wenye magoti mekundu na jamaa zao, kila mmoja na kasha lake.

Nianze na wangapi, na wa ukubwa gani?

Kumi na mbili ni idadi nzuri, na wote wawe wadogo, ndugu wa kifuko kimoja cha mayai, wa ukubwa unaolingana. Wawili au watatu ni wachache mno. Wakipungua kwa ajali huna kundi tena.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watu wakiniuliza kwa nini nasisitiza ndugu, hiyo ndiyo jibu langu fupi. Buibui hawa karibu hawaoni. Wanajuana kwa mtikisiko na kwa harufu iliyoko kwenye miili na utando. Waliokulia kwenye utando mmoja wana dalili zinazofanana, na aliyekulia kwingine anatembea kama windo na kunuka kama windo.

Usinunue mmoja leo na mwingine mwezi ujao kwa ajili ya mfuko. Dunduliza, kisha wachukue siku moja.

Kasha liweje?

Hapa ndipo pa kutumia hela, maana kasha likikosewa mwanzoni huwezi kulirekebisha bila kubomoa mtaa mzima.

Kwa kundi la kumi na mbili natumia kasha la kioo la sentimita 60 kwa 45. Udongo ni sentimita 20 kwenda chini, na usiushushe chini ya 15. Hawa ni wachimbaji. Ukiwapa udongo wa kina cha kiganja watakaa juu, wakikutana uso kwa uso kila dakika, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Nachanganya kokopiti (ile takataka laini ya makumbi ya nazi wanayouza wenye vitalu), udongo wa bustani usiowahi kuona mbolea wala dawa, na mchanga kidogo, halafu naushindilia kwa ngumi. Kokopiti peke yake haishiki umbo, mashimo hubomoka.

Juu yake naweka magome ya mti na vipande vya chungu kilichovunjika, vingi kuliko idadi ya buibui. Chini ya kila kimoja natoboa shimo la kuanzia kwa kalamu. Hawatalitumia wote, lakini siku ya kwanza, kila mmoja akiwa na pa kukimbilia, hakuna anayelazimika kupigana. Baadaye wenyewe wataamua nani anahamia kwa nani.

Kati ya udongo na kifuniko usiache nafasi kubwa. Tarantula akipanda kioo akaanguka kutoka juu, tumbo hupasuka, na hakuna daktari wa hilo. Matundu ya hewa yawe madogo kuliko kichwa cha mtoto mdogo kabisa uliyenaye. Kifuniko kiwe na kufuli au kitasa cha kubana, hasa kama kuna mtoto au paka nyumbani.

Joto la 24 hadi 28 linawafaa sana. Sebule yangu wakati wa baridi hushuka mpaka 21 na hawajalalamika, wanakula polepole tu. Taa ya joto juu ya kasha usiweke, inawakausha. Maji namimina kona moja kila baada ya wiki mbili, yashuke mpaka chini, upande wa pili ubaki mkavu, wenyewe wachague. Bakuli la maji ni kifuniko cha chupa. Watakijaza udongo, utakisafisha, watakijaza tena.

Niwalishe nini na mara ngapi?

Mende wa kufugwa na nyenje. Usiokote mende wa jikoni. Hujui kanyunyiziwa nini nyumba ya jirani.

Kasha hili linasimama kwa chakula. Nimeona makundi matatu yaliyovunjika, moja likiwa langu, na yote yalivunjika baada ya njaa. Langu lilikuwa kosa la safari. Nilikwenda nyumbani wiki sita, nikamwachia funguo rafiki aliyeogopa kufungua kifuniko, akawa anawatupia mende mmoja mmoja kupitia upenyo. Wakubwa walio karibu na upenyo walishiba, wa kona ya mbali hawakupata kitu. Niliporudi, kona ya mbali ilikuwa na wawili wanene, na zamani nilikuwa nikiwaona watano.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Watoto wadogo, mara mbili kwa wiki, vitu vidogo vingi. Naweka sehemu sita au saba tofauti, kila mlango unaoonekana una chake. Kwa wachanga kabisa naponda kichwa cha nyenje na kumlaza kwenye utando, watakuja wenyewe watatu wanne kumla pamoja. Wakubwa mara moja kwa wiki inatosha, lakini palepale, kila mtaa na mgao wake. Kesho yake asubuhi natoa mabaki kwa kibano. Nyenje aliyebaki hai akimkuta buibui anayejivua gamba anaweza kumtafuna yeye.

Ukiwa na bajeti ya kumlisha mmoja, fuga mmoja.

Naweza kumwongeza mgeni baadaye?

Wapo waliofanya wakafanikiwa, hasa kwa watoto wadogo sana. Mimi nilimtia jike wa mfugaji mwingine, spishi ileile, ukubwa uleule. Wiki mbili alikaa juu ya gome bila kupewa shimo. Wiki ya tatu nilikuta miguu minne kwenye utando, na mtaa uko kimya kama hakuna kilichotokea. Sirudii.

Nimeona mwili umekauka juu ya udongo. Ameuawa?

Huenda ni nguo tu. Tarantula hukua kwa kujivua gamba, msemo uliotamba sana kwenye siasa za Tanzania mwaka 2011, ila huyu anaumaliza usiku mmoja. Gamba tupu ni jepesi, limefunguka juu kama mfuniko wa kopo, na ndani hamna kitu. Mabaki ya aliyeliwa ni kidonge kilichovurugwa, miguu imekatikakatika.

Gamba lilivyo zima ni hazina. Ukililowesha na kulitandaza unaweza kutazama ndani upande wa tumbo ukajua kama mwenyewe ni jike. Kabla ya kujivua buibui hukataa chakula kwa siku au wiki kadhaa, na baada yake meno huwa laini na hawezi kujitetea. Kwa balfouri wenzake kwa kawaida humpita tu, na kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha uvumilivu. Wa Usambara angeliwa kabla hajatoa mguu wa mwisho.

Kwa nini hujui unao wangapi?

Kwa sababu wako chini. Usiku nikiwasha taa nyekundu naona saba, siku nyingine kumi na mmoja, na sijui kama ni walewale. Nilianza na kumi na mbili, wamezaa mara mbili. Anayekuambia ana arobaini na watatu kamili ametoka kubomoa kasha jana.

Wakizaana, si ni ndugu kwa ndugu?

Ndiyo. Madume hupevuka mapema, huishi muda mfupi baada ya hapo, na humkuta dada yao hatua mbili kutoka mlangoni. Majike huishi zaidi ya miaka 10, kwa hiyo mambo huendelea. Kundi likiwa la burudani yako halina shida kubwa, lakini usiuze watoto hao kwa mtu anayetaka mbegu mpya bila kumwambia ukweli. Mimi madume nikiyaona, yale yenye ncha za pedipalpi (vile vimiguu viwili vifupi vya mbele, karibu na mdomo) zilizovimba kama glovu za ngumi, nayatoa na kubadilishana na mfugaji mwingine kwa ajili ya majike anaowafuga peke yao.

Sumu yao inaua?

Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kuwa kimetokana na sumu ya tarantula. Lakini wa Afrika na Asia hawana zile nywele za kuwasha ambazo wa Amerika huzipangusa tumboni na kuzirusha machoni mwa adui, kwa hiyo silaha yao ni jino. Balfouri anauma vibaya. Simshiki mkono hata siku moja, na sijui faida ya kumshika ni nini. Ukiumwa ukaona kifua kinabana, au kukakamaa hakuachii, nenda hospitali na jina la spishi limeandikwa kwenye karatasi.

Niko Dar, au Nairobi. Nikamate wa porini nianze nao?

Usikamate. Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na hata ndani ya nchi kukamata na kufuga kunataka kibali. Kenya sheria yao ya wanyamapori ya 2013 ina meno. Waliodhani wadudu hawahesabiki waliona mwaka 2025, vijana wawili kutoka Ubelgiji walipokutwa na siungu, jamii ya sisimizi, wapatao 5,000 na mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au miezi kumi na miwili jela. Siungu tu! Uliza ofisi ya wanyamapori kwanza, upate jibu la maandishi.

Na hata kisheria pangekuwa sawa, mmoja mmoja uliowachimbua mashimo tofauti si ndugu. Umerudi kwenye swali la mgeni.

Wanapendana?

Hapana. Wameshiba.

Shangazi anauliza: unawapa majina?

Mmoja tu, jike mkubwa wa kona ya dirishani. Anaitwa Mjumbe, kwa sababu kila kinachoingia mtaani hupita kwake kwanza.

Nitajuaje kwamba wakati wa kuwatenganisha umefika?

Ukianza kuona mmoja au wawili wanazunguka juu ya udongo mchana, siku baada ya siku, hawashuki, wamefukuzwa. Ukipata mabaki mawili ndani ya mwezi mmoja na una hakika chakula kinatosha, usisubiri la tatu.

Kuvunja kundi ni kazi ya siku nzima. Andaa vikopo vyenye matundu, vingi kuliko unavyodhani, funga mlango wa chumba, ziba upenyo wa chini kwa taulo, weka kasha ndani ya beseni kubwa la kufulia. Toa magome kwanza. Udongo utoe kwa kijiko, safu kwa safu, na kila buibui mfunike kwa kikopo, usimfukuze kwa mkono. Tumia brashi laini ya rangi kumgusa miguu ya nyuma, atatembea mbele mwenyewe. Ukimaliza, udongo uliotolewa uache kwenye beseni siku mbili ukiwa umefunikwa. Mara ya mwisho nilidhani nimemaliza, kesho yake nikakuta watoto wanne wamefuma utando kwenye mpini wa kijiko.